Suti ya mvua ya vipande viwili: nimeivaa Chunya, Tukuyu na Kitulo, inafaa wapi na inakutesa wapi

Wakuu, hii ni kwa nyie mnaopiga misele na pikipiki huku Nyanda za Juu Kusini, maana naona watu wanaulizana sana kuhusu hizi suti za mvua zilizojaa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, koti na suruali, nje nailoni na ndani imepakwa plastiki, inakunjwa inaingia kwenye kifuko chake inakaa chini ya siti au kwenye begi. Mi nilichukua kwa elfu thelathini na tano, mwenye meza alianzia hamsini. Jina la kampuni siandiki kwa sababu lebo zenyewe zinabadilika meza hadi meza na mzigo ni ule ule.

Jibu kwa mwenye haraka: nunua, ila nunua kwa ajili ya upepo na baridi kwanza, mvua iwe ya pili. Najua inasikika kinyume, ngoja nieleze.

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Chunya unaanza kupanda hapo hapo, mlima Loleza kushoto, msitu wa Kawetere, na mara nyingi unaondoka na jua mjini unakuta wingu limekaa juu ya lami huko juu, sio mvua bana, ni manyunyu yale ya kulowesha kope tu. Hapo suti inatesa. Hiyo plastiki ya ndani haipumui, jasho halina pa kutokea, ukiwa unapanda kwa gia ndogo spidi ndogo na abiria nyuma unachemka kama ndizi za kufunika, ukivua unakuta shati limelowa na mvua haikunyesha. Afu ukivuka pale World's End, pale juu watu wanaposimama kuangalia bonde, ukaanza kuteremka upande wa Chunya jua linawaka, huko chini ni joto kweli. Kwa hiyo njia hiyo mi navaa koti tu, zipu nimeifungua hadi kifuani wakati wa kupanda, nafunga nikifika juu. Suruali inabaki kwenye kifuko.

Tukuyu ni habari nyingine. Kule mvua haina msimu wa kuisubiri, Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar, na ukishapita Uyole na Igawilo ukapanda hadi Isyonje, kwenye njia panda ya Kitulo, mvua unaiona kabisa imekaa mbele yako, mlima Rungwe kushoto hauonekani kabisa. Hapo vaa yote kabla haijaanza. Usingoje matone makubwa, ukivaa umeshalowa suti inakufungia maji ndani.

Sasa sehemu yenyewe ya kuangalia ni mishono. Watu Mwanjelwa wanashika kitambaa wanasugua na vidole, eti nene hii, nyepesi hii. Unene sio kitu. Maji hayapiti kwenye kitambaa, yanapita kwenye matundu ya sindano. Suruali vipande vyake vinne vinakutana pale chini ya zipu, na ukikaa kwenye pikipiki maji yote yanayotiririka kifuani na kwenye tanki yanakuja kukusanyika hapo hapo, unakuwa na kidimbwi cha kwako mwenyewe. Ukigeuza suruali nje ndani utaona kamkanda ka plastiki kamebandikwa juu ya mshono, hako ndo kazuizi kako peke yake. Kwenye nyingine hakapo kabisa, kwenye nyingine kapo kifuani na mabegani ila kule chini wamekasahau.

Namna ya kupima: igeuze nje ndani, ishike iwe mfuko, mwaga maji ya chupa pale vipande vinapokutana, subiri kidogo uangalie upande wa pili. Mama niliyenunua kwake aliniambia "kaka angu, hii hata ukiogelea nayo huloi", nikamwambia sawa mama, naomba maji basi. Akacheka, akaleta kopo mwenyewe. Ya kwanza ikavuja, ya pili ikavuja, ya tatu ikashika, nikalipa hiyo. Zote zina lebo moja na bei moja. Muuzaji akikukatalia kupima, hamia meza inayofuata, zipo nyingi.

Kamkanda kenyewe kanabanduka na matumizi, kangu kalianzia kubanduka pale pale chini. Usipeleke kwa fundi cherehani! Akipitisha mshono mpya kakuongezea matundu. Nenda kwa fundi baiskeli, akupake solusheni na kiraka chembamba cha tyubu upande wa ndani, inashika kiasi chake na ukiona inaachia unarudia, hela ya chai tu.

Mikono. Lastiki ya kwenye kiganja inabana vizuri lakini mkono wa koti ukae juu ya glovu, ukiingiza ndani ya glovu maji yanateremka kutoka begani yanajaza vidole. Suruali nayo iwe nje ya gambuti. Ila hapa kuna shida ya barabara kuu, kati ya Uyole na Iwambi, malori ya Zambia yanarusha maji machafu kutokea chini kwenda juu, yanaingia kwenye pindo la suruali kama kile kifungo cha mguuni hakijabana. Cha kwangu kilikatika mapema sana, nafunga na raba ya mpira.

Na mguu wa kulia chunga ekzosi. Hii plastiki ikigusa bomba la moto inayeyuka hapo hapo na harufu yake haitoki kwenye bomba wiki nzima, kwa sisi wa Boxer na ekzosi iko kulia ndo kabisa. Kunja pindo libane kwenye gambuti.

Haya, Kitulo. Hapa ndo suti imenilipa hela yangu. Unakatia Isyonje kushoto unapanda hadi kwenye uwanda, huko ni kama mita 2,600, mjini Mbeya tuko kwenye 1,700 hivi, na kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 hivi, weka na upepo wa kwenye mwendo juu yake. Hata bila tone la mvua unatetemeka hadi mikono haishiki klachi vizuri. Sweta la sufu peke yake upepo unapita katikati, weka suti juu ya sweta upepo unaishia nje na joto linabaki. Kile kitu kilichokuwa kinakupika kule Chunya, cha kutopumua, huku ndo unakitaka. Na wanaoenda kuangalia maua wanaenda Desemba hadi Aprili, kipindi chenyewe cha mvua, njia ina tope la utelezi, utavaa tu. Juni na Julai ndo baridi ya jalidi, na hapo pia navaa, kavu kabisa.

Isichofanya: haisaidii kuona wala kusimama. Kioo cha helmeti kinajaa mvuke kwenye ukungu uwe na suti ya laki tano, dawa yake ni kupaka sabuni ya vyombo kwa ndani ukafuta na kitambaa kikavu, na kuacha kioo wazi kidogo. Breki za ngoma zikilowa zinachelewa, kandamiza kidogo kidogo kabla ya kona na uteremke na gia.

Saizi chukua kubwa kuliko yako maana kuna sweta ndani na ukikaa magoti yakikunjwa suruali inapanda. Rangi ndo malalamiko yangu makubwa, meza nzima ni nyeusi na bluu iliyoiva, mkanda wa rifleksa wenyewe mwembamba upo mgongoni tu, na begi likikaa mgongoni umeufunika. Kwenye ukungu wa Isyonje dereva wa fuso anakuona ukiwa mita chache mbele yake. Ningepata ya njano ya saizi yangu ningeongeza hata elfu kumi juu, kwa sasa navaa kizibao cha rifleksa juu ya kila kitu, begi likiwepo nalifunga kwenye keria.