Duka la kanga Mtaa wa Uhuru: jiandae kuhojiwa

Ukiingia kwenye duka hili, hujashika hata kitambaa, Bi mkubwa anakuuliza: "Unampelekea nani?" Ukisema mama mkwe, linakuja la pili: "Mnapatana?" Kuna mteja alinuna mbele yangu, akaona anachimbwa. Mimi maswali hayo ndiyo yanayonirudisha.

Duka ni dogo, halina bango, liko Kariakoo, Mtaa wa Uhuru upande wa kuelekea Mnazi Mmoja. Shuka mwendokasi Msimbazi Polisi utembee. Gari liache nyumbani. Doti zimepangwa ukutani mpaka juu darini. Nilizochukua zilikuwa 12,000 kila moja. Mtandaoni utapata za chini kidogo ya hapo, sikatai.

Ila ya mtandaoni ilimponza binamu yangu. Alimwagizia mama mkwe wake, picha ikaonyesha pindo jekundu la korosho, imekunjwa vizuri, akalipa kwa simu, bodaboda akaifikisha mpaka mlangoni. Yeye na muuzaji hawakusemezana hata neno. Mama mkwe alipoikunjua mbele ya mawifi, ikasomeka HASIDI HANA SABABU. Maelezo yanaendelea mpaka leo.

Kanga ina pindo, mji na jina, na anayepewa hukimbilia jina kwanza. Huyo wa mtandaoni aliuza pindo na mji, jina akalikunjia ndani. Bi mkubwa anaikunjua doti nzima juu ya meza, anakusomea kwa sauti, halafu anakutazama usoni. Siku niliyokwenda mara ya mwisho, dada mmoja pembeni yangu alikuwa anamtafutia jirani yake mjane. Akachagua ya bluu, nzuri kweli: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Bi mkubwa akauliza marehemu alikufa kwa nini. Ajali ya basi. Hakusema kitu, aliikunja tu akairudisha ukutani.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Dada akasema alikuwa fundi bomba, na wazee wa mtaani alikuwa hawatozi. Basi ikashushwa WEMA HAUOZI, rangi ya zambarau ambayo mwenyewe nisingeichagua, na yule dada akaanza kulengwalengwa na machozi pale pale kaunta. Sijui ni programu gani ya kununulia vitu ingeuliza kuhusu lile basi.

Msimdhanie mtu wa zamani. Lipa namba ameibandika ukutani, na wateja wa mikoani anawatumia picha kwa WhatsApp. Ila hatumi mpaka akupigie muongee, na picha yake huwa imekunjuliwa, jina linasomeka. Za sare za shughuli ndiyo mkali zaidi: kamati ichague kwenye grupu inavyotaka, lakini lazima mtu mmoja aje aishike, aiangalie kwenye mwanga kama rangi imepenya upande wa pili. Anakwambia pia uiloweke kwenye maji ya chumvi kabla ya kufua mara ya kwanza.

Ubaya upo. Huduma ni ya polepole mno. Jumamosi utasimama mpaka miguu ikuume, kwa sababu kila mteja ana historia yake na zote zinasikilizwa mpaka mwisho, nyingine na duka zima. Adhuhuri anafunga akaswali. Doti ikishakatwa hairudishwi. Na fundi wa cherehani aliyeko barazani, anayekata na kupinda kwa malipo yake mwenyewe, anashona kwa kukimbia. Moja ya kwangu ilifumuka pindo ilipofuliwa mara ya kwanza.

Nampa nyota nne. Ya tano namnyima kwa sababu ya huyo fundi, na kwa kuniuliza mbele za watu kwa nini mpaka leo sijaolewa.