Mashine ya msasa ya ngoma kwa mbao nyembamba: inafaa wapi, inasumbua wapi

Kazi zangu nyingi ni visanduku vidogo na mbavu za gitaa, yaani mbao za unene wa milimita 2, pengine pungufu. Ubao wa namna hiyo ukiuingiza kwenye mashine ya randa, visu vinanyanyua nyuzi na unatoka vipande vipande. Mashine ya mkanda ya kushika mkononi nayo ina pupa. Ukiegemea upande mmoja kidogo tu, kona imeliwa. Ndiyo maana nikachukua ya ngoma, yaani silinda iliyozungushiwa msasa inayozunguka juu ya mkanda unaopeleka ubao; ile iliyo wazi upande mmoja, urefu wa ngoma yake inchi 16.

Sikuangalia sana nguvu ya mota. Niliangalia mkono wa kushusha ngoma, na kama mwendo wa mkanda unaopeleka ubao unaweza kupunguzwa. Kwenye yangu, mzunguko mmoja wa mkono ni milimita 1.6. Robo mzunguko, ambayo wengi huiona ndogo, ni milimita 0.4: tayari umekula sehemu ya tano ya ubao wa milimita 2! Mimi huenda nusu ya hiyo kwa msasa namba 80, ambao ni wa chembe kubwa (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Nikifika namba 150 naugusa mkono tu, kisha napitisha ubao mara ya pili bila kushusha kitu. Vumbi bado litatoka, kwa sababu mara ya kwanza ngoma husukumwa juu kidogo na ubao.

Vipande vyembamba sana navibandika kwa tepu ya pande mbili juu ya kibao cha MDF (mbao ya nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) kilichonyooka, ndipo navipitisha. Kuvibandua ndiyo kazi. Usivute, penyeza spiriti kidogo ukingoni, subiri gundi ilainike, kisha ingiza kisu chembamba. Vipande vifupi kuliko nafasi iliyopo kati ya rola mbili za kukandamiza ubao, moja mbele na moja nyuma ya ngoma, visiende peke yake hata siku moja, vitarushwa.

Kasoro zipo. Kibanio cha msasa cha upande wa ndani kimejificha mahali vidole havifiki vizuri, na aliyekibuni nadhani hajawahi kubadilisha msasa mwenyewe. Mbao zenye utomvu huziba msasa haraka, na ukiendelea hivyo hivyo utapata mistari myeusi ya kuungua inayokwenda urefu wote wa ubao. Kipande cha mpira cha kusafishia msasa kinasaidia, na kuingiza ubao kwa mshazari kidogo kunapunguza tatizo. Mkanda unaopeleka ubao nao ukisimama ubao ukiwa ndani, ngoma inachimba mfereji papo hapo. Bila mashine ya kuvuta vumbi, usiiwashe kabisa.

Ngoma haimalizi kazi. Mikwaruzo yake iliyonyooka naifuta kwa mashine ya mkono ya pedi ya duara, yenye mtikisiko wa milimita 2.5 au 3, siyo 5, na pedi ngumu, maana laini inalala ukingoni na kuviringisha kona. Vinia (utando mwembamba wa mbao) ya milimita 0.6 iliyokwisha kubandikwa siipeleki kwenye ngoma wala kwenye pedi. Hiyo ni kibao cha mkononi, msasa namba 220, kufuata nyuzi.