Pikipiki ya kununua ukitaka kujiundia yako uani: kutoka ya kwanza hadi ya kuepuka

Pikipiki yangu ya kwanza ya kuunda niliianza kwa kununua injini. Ilikuwa ya cc 150, imetolewa kwenye pikipiki iliyogongwa huko Igoma, hapa Mwanza. Niliifunga kwenye mfuko wa salfeti nikapanda nayo daladala mpaka Nyasaka, konda akinidai nauli ya watu wawili. Injini ile ililala chini ya mwembe miezi tisa. Fremu nilipoipata haikuwa na kadi, na fremu isiyo na kadi unaweza kuifanya kitanda, unaweza kuifanya banda la kuku, lakini barabarani haitoki. Tangu hapo nasema mtu mwenye fedha kidogo asinunue vipande. Anunue pikipiki nzima, yenye sura mbaya, inayowaka, yenye kadi iliyo na jina la huyo huyo anayeuza, kisha aanze kupunguza.

Orodha hii ni ya mtu mwenye laki nane hadi milioni moja kwa kazi yote. Nusu iishie kwenye kununua. Ukizimaliza zote kwa muuzaji utabaki na pikipiki ya kawaida iliyong'olewa siti. Nazijua tatu za namna hiyo mtaani kwangu, zimefunikwa turubai.

1. Mchina wa 125 mwenye injini ya ukoo wa CG

Sanlg na ndugu zake. Najua wapo watakaocheka, maana bodaboda wameshaihama na kwenye kijiwe ukiitaja unaonekana umetoka shamba. Ndiyo sababu bei yake imeshuka, na ndiyo sababu naiweka ya kwanza.

Injini hii asili yake ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Kamshafti, chuma kinachofungua valvu, imewekwa chini, karibu na kranki, inazungushwa kwa gia na kupandisha vijiti viwili vinavyosukuma valvu juu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala ya kupiga kelele. Kurekebisha valvu ni kazi ya nusu saa: injini ikiwa ya baridi, fungua vifuniko, pima nafasi kwa vile vijikaratasi vya chuma, 0.08 mm kwa zote mbili, funga. Mimi hufanya Jumapili huku nasikiliza mpira.

Ukifika kwa muuzaji, piga magoti usome maandishi yaliyogongwa ubavuni mwa injini. Ukikuta 156FMI, hiyo ni 125: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni ya kupozwa kwa upepo, M ni ya pikipiki, I ni kundi la 125. 162FMJ ni 150, na 163FML ni 200. Angalia kwamba ya 125 na ya 150 zina mwendo wa pistoni uleule, 49.5 mm, kilichopanuka ni silinda tu. Muuzaji mmoja aliniapia kwa jina la mama yake kwamba ana 200, na chuma kinaandika 156. Lakini maandishi ya FMI pekee hayakwambii kama ni ya vijiti, kwa sababu zipo 125 za Kichina zenye cheni ya taimingi ambazo nazo hugongwa 156FMI. Tazama silinda yenyewe: ya vijiti ina uvimbe upande mmoja, kama mfuko wa shati, ambamo vijiti vinapita.

Spea zimejaa mjini na hata kwenye vibanda vya Kisesa. Matundu ya boliti za injini za ukoo huu mara nyingi yanafanana, kwa hiyo leo ukianza na 125, kesho ukipata 150 nzima, kazi ya kuhamisha si kubwa. Pima kwanza, usiniamini mimi.

Ubaya wake upo. Waya ni nyembamba, viungo vya fremu vimechomelewa kwa haraka, na nikeli ya rimu huanza kububujika kutu mapema. Lakini wewe unakwenda kuifungua yote hata hivyo. Waya utazipanga upya, rimu utapaka rangi.

2. Boxer

Kama ungeniuliza ya kufanyia biashara, ningesema hii bila kufikiri. Ya 150 ina 144.8 cc, kamshafti iko juu na inaendeshwa kwa cheni, injini inavumilia mateso, na hakuna fundi wa Mwanza asiyeweza kuifungua gizani. Shida ya Boxer ni kwamba kila mtu anajua hayo. Hata iliyochoka bei yake haishuki, kwa sababu mwenye nayo anajua kesho atampata kijana wa kuipeleka Buhongwa kupakia abiria. Ukishalipa hiyo bei, fedha ya tairi imekwenda.

Inunue kama umepata ya ndugu au jirani kwa bei ya udugu. Pia inunue kama unaona huenda ukachoka katikati na kutaka kuuza. Hapo usikate fremu mapema.

3. TVS HLX 125

Nzuri, tulivu, haili mafuta. Sina ugomvi nayo. Ila kwa macho yangu tangi na mbavu zake hazikubali kuvuliwa nguo. Ukiondoa plastiki inabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Wenye jicho zuri kuliko langu watapinga.

4. Mjapani mzee wa mnada

Hapa ndipo moyo unapodanganya mfuko. Honda XL125, Yamaha DT125, Yamaha AG100, zile za mabwana shamba na miradi ya zamani, hutoka kwenye minada ya ofisi zikiwa na vumbi la miaka. Zina sura ambayo huhitaji hata kuiunda. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, ndiyo maana ina kariya mbele na nyuma, cheni imefunikwa yote, na stendi za pembeni ni mbili, moja kila upande. Ukiegesha kwenye mteremko wa mawe ya Isamilo utamshukuru aliyefikiria hilo.

Lakini DT na AG ni tustroki. Zinachoma oili pamoja na petroli, na pampu ya oili ikifa bila wewe kujua, pistoni inaganda ukiwa katikati ya safari. Spea zake utaagiza, utasubiri, utaletewa isiyo yenyewe. Nimeweka ya nne si kwa sababu ni mbaya. Ni ya mtu ambaye ana pikipiki nyingine ya kwendea kazini.

Za kuepuka

Ya kwanza ni ya mkataba. Vijana wengi wanaendesha bodaboda kwa mkataba: anampelekea tajiri hesabu kila siku au kila wiki mpaka idadi itimie, ndipo pikipiki iwe yake. Kabla haijatimia kadi iko kwa tajiri. Sasa kijana amebanwa, ana mgonjwa, anakutolea bei tamu na kusema kadi iko nyumbani Sengerema ataileta. Usimdharau, lakini usimpe hata mia. Mwambie muende wote kwa mwenye jina kwenye kadi, na mauziano yaandikwe mbele yake.

Ya pili ni iliyobeba samaki. Hii watu hawaisemi. Pikipiki za pale Mwaloni Kirumba hubeba matenga ya samaki wa barafu na magunia ya kayabo, samaki wa chumvi, na yale maji ya chumvi yanadondoka mchana kutwa juu ya fremu ya nyuma. Ziwa letu halina chumvi, ila mzigo unayo. Juu utaona rangi inang'aa, imepakwa juzi. Lala chini. Gonga kwa bisibisi uma wa tairi la nyuma na pale shokapu zinaposhika fremu. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kama boksi. Sumaku ndogo ya spika mbovu pia inatosha: isiponasa, hapo pamejazwa pati.

Ukaguzi mwingine ni wa kawaida. Ifike ikiwa ya baridi, shika injini, ukiikuta imeshawashwa ujue wanakuficha kitu. Piga kiki taratibu kwa mkono: kama haikusukumi, mgandamizo umekwisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ringi au mpira wa valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi, huo usikutishe. Simama nyuma hatua kumi utazame kama matairi mawili yako kwenye mstari mmoja. Mwisho soma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu, herufi kwa herufi, na kadi mkononi. Nilishakuta O imekuwa 0.

Fedha iliyobaki iende wapi

Kwa fundi wa kuchomelea kwanza, na umchague kwa mikono yake si kwa bei yake. Nilikwenda kwa mmoja wa kule Nyakato nikiwa na mchoro wangu wa kukata mkia wa fremu. Aliutazama, akachora mstari kwa chaki nyuma ya pale shokapu zinaposhika, akasema, "Mdogo wangu, nyuma ya hapa ni urembo, kata. Mbele ya hapa ni mgongo, ukigusa nakufukuza." Hiyo ndiyo kanuni yote. Kipande kipya cha bomba kiingizwe bomba jembamba ndani yake kabla ya kuchomelewa, kisiungwe mdomo kwa mdomo. Ng'oa betri na chomoa CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi, kabla umeme wa kuchomelea haujagusa fremu. Tangi lisikae hata karibu. Tangi lililomwagwa petroli jana lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Pili, breki na tairi. Pikipiki hizi nyingi zina breki za ngoma, na ngoma iliyochimbika haiponi kwa kubadilisha shuu peke yake. Tairi soma namba: 3.00-18 ni upana wa inchi tatu kwa rimu ya inchi 18. Vijana hulazimisha tairi nene kwa ajili ya picha, likaanza kula cheni.

Siti, taa na usukani ni vya mwisho, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Fundi wa makochi atakushonea siti ya reksini vizuri kuliko fundi wa siti za pikipiki, mpelekee ubao uliokwisha kukata. Madigadi ya mbele usiyang'oe. Kuna mvua za hapa, kuna matope, kuna trafiki. Indiketa, kioo na taa ya breki viwepo na vifanye kazi. Na kadi inaandika injini na rangi, kwa hiyo ukibadilisha kimojawapo peleka taarifa TRA.

Kuhusu mtindo, kila mtu anataka kafe resa, ile ya usukani wa chini. Vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960, pale Ace Cafe kando ya North Circular, walishusha usukani kwa sababu walikuwa wanakimbizana kwenye lami iliyonyooka. Wewe unapanda Mabatini katikati ya mawe, na mkungu wa ndizi wa mama mkubwa uko nyuma. Jenga skrambla: usukani mpana, ekzosi iliyopandishwa, siti fupi lakini ya watu wawili. Kisha punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Tuseme mbele ni meno 15 na nyuma 45, sproketi ya mbele inazunguka mara 3 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Ukiweka 14 inakuwa mara 3.21, umeongeza nguvu ya kupanda kwa asilimia saba hivi kwa bei ya soda chache. Utapoteza kasi kidogo kwenye barabara ya Usagara. Hutaikosa.

Jambo moja la kabureta, maana hapa nilipoteza wiki mbili. Ukitoa sanduku la kichujio cha hewa na kuweka kile kichujio cha duara cha wazi, hewa inaongezeka, na ushauri unaosikia ni kupandisha jeti kubwa, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, namba kadhaa. Nilifuata, pikipiki ikawa inakohoa. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo jeti ileile huku tayari inatoa petroli nyingi kidogo. Panda namba moja tu. Kisha ipeleke mlima wa Bugando ikiwa gia ya tatu, gesi imefunguka, na ukifika juu zima hapohapo bila kuiacha ingurume, uibane klachi uegeshe kando. Subiri ipoe, fungua plagi. Nyeupe, inaungua kwa njaa ya petroli, rudi nyumbani taratibu. Nyeusi kama sufuria, punguza. Yangu safari ya nne ilitoka rangi ya chai ya maziwa, na muuza karanga aliyekuwa ananitazama kila ninapoegesha akaniuliza kama leo imepona.