Randa ya Shilingi 800 Isiyo Kamili: Niinunue au Niiache?

Assalaam aleikum wenzangu, karibuni tena barazani kwetu Mji wa Kale. Hii niliyoishika ni randa niliyoitoa soko la Kongowea, kwenye turubai la muuza vyuma, shilingi 800. Kishikio cha mbele hakuna, mpini wa nyuma umekatika shingoni, na kutu imeivaa mwili mzima. Yule mzee aliniambia, "Hii ni ya Mwingereza, mwanangu." Kweli randa nyingi za zamani ninazokutana nazo hapa Mombasa ni za Uingereza, zimetoka mji wa Sheffield. Lakini hii imeniambia mengine.

Tizameni hapa, ngoja nisogeze kamera. Nyuma ya kitako kinachobeba kisu pana maandishi yaliyosubiwa: MAR-25-02, AUG-19-02, APR-19-10. Hizo ni tarehe za hataza (patenti) za Marekani, za 1902 na 1910. Mwili wa Stanley, kampuni ya zana ya Kimarekani, ulio na tarehe zote tatu ulitengenezwa kati ya 1910 na katikati ya miaka ya 1920 hivi. Urefu ni inchi 9 na kitu, kisu kina upana wa inchi 2, basi kwa hesabu ya Stanley ni randa namba 4.

Sasa tizameni kibanio kinachokamata kisu. Tundu lake lina umbo la figo, na tundu la namna hiyo lilianza miaka ya 1930. Kwa hivyo kibanio na mwili si wa tumbo moja. Je, ni kasoro? Kwa mtu wa kuweka kabatini, ndiyo. Kwangu mimi wa kupiga mbao, kinakamata sawasawa, nimekiacha.

Wengi wakiona mpini umevunjika huweka chini, wakapita. Jamani, mpini ni mti, na sisi mti tunao. Kinachoniogopesha mimi ni ufa kwenye chuma, hasa pembeni mwa mdomo na mbavuni, na kutu huuficha vizuri. Fanyeni hivi: pakeni mafuta ya taa, subirini kidogo, pangusani mpaka pakauke, kisha nyunyizeni unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia ufani yatatoka yachore mstari kwenye chaki. Ukiuona mstari huo, usilipe bei ya randa, lipa bei ya spea.

Kitu cha pili ni kile chuma cha mgongoni mwa kisu. Kina kidirisha kidogo, na ndimo unamoingia ulimi wa kurekebishia kina. Kikikosekana, utazungusha gurudumu la shaba mpaka jioni na kisu kisisogee. Hapa kipo, alhamdulillahi.

Na sasa skrubu, ndipo penye mtego. Skrubu ya mpini wa Stanley ina unene wa milimita 5 na nusu hivi, na meno 20 kwa inchi. Ukienda duka la vifaa watakupa milimita 5, itacheza. Watakupa 6, utailazimisha, nawe unaharibu meno yaliyodumu miaka mia moja. Nimeona randa nzuri imetobolewa upya kwa drili ili iingie skrubu ya dukani, na roho iliniuma sana. Skrubu zangu nimezitoa kwenye randa nyingine ya Stanley iliyopasuka mdomo. Ndiyo maana nasema iliyopasuka pia inunueni, lakini kwa bei ya chini.

Kutu nimeitoa kwa siki, usiku mmoja tu, maana ukiisahau humo siki itaanza kula chuma chenyewe. Asubuhi nimesugua, nikaosha kwa maji ya magadi kuua ule uchachu, nikaanika juani, nikapaka mafuta ya cherehani hapo hapo. Kwa upepo huu wetu wa bahari, chuma kitupu hakichelewi kurudi rangi ya chungwa. Shaba nimeisugua kwa ukwaju, kama bibi zetu wanavyosugua sinia.

Mpini mpya ni kipande cha mbambakofi. Angalieni nyuzi za mti: zimelala sambamba na uso wa chini wa randa. Ukizisimamisha, ile pembe ya juu inayokaa kati ya kidole gumba na cha shahada itakatika.

Kisu nimekinoa kwa pembe ya nyuzi 25. Haya, mvule huu... sikilizeni. Mmesikia? Randa haikwaruzi, inaimba. Tizameni hili ganda jembamba la mbao lililotoka, waona kidole changu upande wa pili.

Kwa shilingi 800, nainunua tena hata kesho. Ningeambiwa 3,000 nikiwa sijaipaka chaki, ningeiacha.

Bado nadaiwa kishikio cha mbele. Mwili huu hauna ile duara iliyoinuka kuzunguka tundu lake, na vishikio vya miaka ya 1910 vilikuwa vifupi, vya mviringo, si vile virefu vya baadaye. Ukiwa nacho kwenye boksi la marehemu babu, niandikie hapo chini, nije nikione.