Gari la kukodi la Kampala hadi Gulu: maandalizi mazuri, simu isiyopokelewa

Mwezi uliopita nilikodi Toyota RAV4 kwa siku 4 kutoka kampuni moja ndogo ya hapa Kampala, ili nimpeleke mama yangu na wanangu wawili Gulu, mwendo wa kilomita zipatazo 330 katika barabara ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipita. Kwa hiyo nililolipima kuliko yote, hata kuliko bei, ni namna wanavyomwandaa dereva anayekwenda asikokujua.

Kabla ya kunikabidhi ufunguo, kijana wao alilizunguka gari pamoja nami kwa karibu nusu saa. Alishusha tairi la akiba, akalipima upepo kwa geji, kisha akaweka jeki chini na kunitaka nimwonyeshe kwamba ninaweza kuliinua gari mwenyewe. Nilipoweka jeki mahali pasipofaa, alinishika mkono taratibu akanielekeza. "Dada, afadhali ukosee hapa uani kuliko kule Kafu giza likiingia," akasema. Akaniandikia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huisha chaji, vituo vya mafuta anavyoviamini huko Luwero, Kigumba na Bweyale, pamoja na namba za polisi, 999 na 112.

Ushauri wake kuhusu Karuma ndio uliotufaa zaidi. Alituonya kwamba barabara huteremka kwa kona kali hadi daraja la Mto Nile, kwamba malori yaendayo Sudan Kusini hupita humo yakiwa na mizigo mizito, na kwamba madirisha yafungwe kwa sababu ya nyani. Tulipofika, gari lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla katikati ya njia ili abiria wamrushie nyani ndizi, na lori lililokuwa nyuma yetu likafunga breki kwa mlio uliomfanya mama ashike kiti kwa mikono miwili. Kwa kuwa nilikuwa nimeonywa, nilikuwa nimekwisha kupunguza mwendo na kuacha nafasi.

Kasoro ilijitokeza wakati wa kurudi. Tulichelewa kuondoka Gulu, na tulipokaribia Luwero jua likizama, taa ya mbele ya kushoto ilizimika. Niliipigia mara tatu namba waliyoniambia kwamba hupokelewa usiku na mchana, bila kujibiwa. Niliegesha katika kituo kimojawapo kilichoandikwa kwenye ile karatasi, penye mwanga na mlinzi, na fundi akabadilisha balbu huku watoto wakiwa wamelala. Kampuni ilipiga simu baada ya dakika 40, ikaomba radhi, na kesho yake ikanirudishia gharama ya balbu.

Msamaha niliupokea, lakini mwanamke aliye njiani na mama mzee na watoto hawezi kungoja dakika 40. Nitakodi kwao tena kwa safari za mchana. Kwa safari ya usiku sitakodi mpaka nipige namba ile mwenyewe saa nne usiku nikiwa nyumbani, na ipokelewe.