Programu ya kuorodhesha vitabu: uzoefu wa msomaji wa Wete, Pemba

Programu ya simu ya kuorodhesha vitabu nimeshaitumia vya kutosha, na naweza kusema inamfaa nani na inamchosha nani. Jina lake silitaji, maana hizi kubwa kubwa zote tabia yao moja. Unajiandikisha bure, unapewa rafu tatu (nilivyosoma, ninachosoma, ninavyotaka kusoma), unatafuta kitabu kwa jina au unaielekeza kamera kwenye ile mistari myeusi nyuma ya jalada, halafu unakipa nyota, 1 mpaka 5. Rafu nyengine unajitengenezea. Mie nilitengeneza moja tu, nikaiita Vipenzi.

Kwa vitabu vya Kiingereza ni raha tupu: herufi tatu nne tu, kitabu kimeshatokea na picha ya jalada. Kwa vitabu vyetu, jipange. Cha mwanzo kukitafuta kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Riwaya hiyo, ya mpelelezi Bwana Msa, ilitoka 1960, na nakala yangu ni ya zamani: jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na huko nyuma hakuna mstari wowote wa kamera kuusoma. Nikaandika mwenyewe kwa mkono, jina, mwaka na mchapishaji. Jalada pia nikalipiga picha mwenyewe, na gundi yake inaonekana vizuri tu.

Lililonitoa jasho khasa ni majina ya waandishi. Sisi mtu ni jina lake, la babake na la babu yake, basi. Programu inataka jina la ukoo, na isipoliona hulichukua la mwisho. Matokeo yake Mohamed Suleiman Mohamed, mwenye Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), amekaa bega kwa bega na Said Ahmed Mohamed, mwenye Asali Chungu na Utengano, kama watoto wa nyumba moja. Adam Shafi naye kapasuliwa vipande viwili. Yako majalada yaliyoandikwa Shafi Adam Shafi, na yako yaliyoandikwa Adam Shafi tu, basi Kuli (1979) kikaenda kwa mwandishi mmoja na Haini (2003) kwa mwengine. Niliwaandikia wanaoshughulikia marekebisho. Jibu lilikuwa la adabu, lakini Shafi hadi leo wako wawili.

Halafu nyota. Jirani yetu mmoja, mzee tunayemwita ami, aliniona barazani nikibonyeza simu akauliza nafanya nini. Nikamwambia navipa vitabu alama. "Na Bwana Msa umempa ngapi?" Nikamjibu nne. Akaniangalia kwa muda. "Nyota ni za mahoteli, mwanangu. Bwana Msa ana kiko chake, kinamtosha."

Kwa kweli ami kapatia. Kiu nimeipa tano kwa sababu sijaona riwaya ya wakati ule iliyosukwa vizuri kama ile: Idi na Mwinyi, kila mmoja na tamaa yake, na Bahati katikati yao. Lakini sikifungui mara kwa mara, kinanibana moyo. Siri ya Sifuri, kingine cha Bwana Msa, nimeipa nne, na hicho nakisoma kila umeme ukikatika, najua mwisho wake na bado nacheka na Najum, swahiba wake Msa. Sasa kipenzi changu kipi? Ukiipanga rafu kwa nyota, Kiu inakaa juu. Ukiipanga kwa kitabu ninachonyoosha mkono kukichukua, mambo yanapinduka. Mie nasema nyota zinapima heshima, mapenzi haziyagusi.

Sehemu inayostahili sifa, na ambayo naona wengi wanaipita, ni kile kisanduku cha maelezo ya binafsi chini ya kila kitabu. Humo ndimo orodha yangu inamoishi. Naweka hapa baadhi ya niliyoyaandika, mwone:

Utengano: asipewe mtu mwenye majonzi. Maimuna atamliza, na Bwana Maksuudi atamtia hasira wiki nzima.

Vuta n'kuvute (cha Adam Shafi): cha kumpa mtu asemaye riwaya za Kiswahili ni za skuli tu. Yasmin na Denge watamjibu. (Kiko kwa jirani wa nyuma, tangu kabla ya Ramadhani.)

Kuli: kisomwe na aliyewahi kufika bandarini Malindi, Unguja, au anayetaka kuujua mgomo wa makuli wa 1948 bila ya kufungua kitabu cha historia.

Maelezo kama haya ndiyo yanayosaidia mtu akija kuniuliza, "nianze na kipi?" Wanauliza wengi kuliko mnavyodhani, tangu watu walipoiona Vuta n'kuvute imekuwa filamu mwaka 2021. Hiyo ya jirani wa nyuma pia ina sababu yake: programu haina mahala pa kuandika nani kaazima, na hapa kwetu kitabu kizuri hakilali kabatini.

Kingine kisichonifurahisha ni tafsiri. Programu hizi huzihesabu tafsiri na kitabu cha asili kuwa ni kitu kimoja. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi 2021, na riwaya yake Paradise ya 1994 sasa tunaisoma kwa Kiswahili, Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Nikaipa Peponi nyota zangu, na zikaenda kuchanganyika na za maelfu waliosoma Kiingereza. Ukitaka kujua Kiswahili cha mfasiri kimewakaa vipi wasomaji, utachambua maoni moja moja mpaka uchoke. Kwangu mimi Kiswahili kile ndicho kilichokiingiza kitabu kwenye rafu ya Vipenzi.

Shindano la mwaka, lile la kujiwekea utasoma vitabu vingapi, nimelizima. Haji Gora Haji wa Tumbatu na diwani yake ya Kimbunga utamhesabu vipi? Unasoma shairi moja, unakaa nalo, mwezi mwengine unalirudia. Diwani haimalizwi.

Bando halili sana, ila bila mtandao rafu hazifunguki. Lugha ya programu ni Kiingereza peke yake.

Naipendekeza kwa nani? Kwa msomaji wa vitabu vya kigeni, bila wasiwasi. Kwa msomaji wa Kiswahili, ndiyo, kama una subira ya kuwa mkutubi wako mwenyewe. Miye nimebaki nayo kwa ajili ya mdogo wangu aliyeko Unguja. Yeye anaiona rafu yangu ya ninavyotaka kusoma, na akipita duka la vitabu mjini ananiangalizia humo, kisha vinakuja na boti. Huduma hiyo daftari haina.

Ukiamua kuitumia, ushauri wangu ni mmoja: kila baada ya muda ipakue orodha yako yote kama faili, usije ukaamka huduma imefungwa na maelezo yako yamekwenda nayo. Kwenye hii niliyo nayo mimi, kupakua kunafanyika kwenye kompyuta tu, ndani ya mipangilio, sehemu ya kuingiza na kutoa vitabu. Faili linafunguka kama jedwali la kawaida, na hapo unaweza kuongeza safu yoyote uitakayo. Yangu ya kwanza ilikuwa "kiko kwa nani".