Kibanda cha kahawa karibu na Feri, Mtwara: walinyanyua bao nina kete mbili mkononi

Kahawa ya pale sina neno nayo. Tangawizi imekolea, kashata laini, vikombe vinasuuzwa mbele ya macho yako. Anayetaka kunywa na kuondoka aende, atafurahi. Mimi nawaandikia wenzangu wenye bao lao wanaotafuta pa kukaa. Sisi tulikaa pale karibu mwaka mzima, na tulivyoondolewa bado inaniuma kifuani kama ni jana.

Jina la kibanda silitaji, wala la mwenyewe. Wanaopita njia ya Feri wataelewa.

Tuko wanaume kumi na wawili. Wamo wavuvi, vijana wawili wa bodaboda, fundi cherehani, mwalimu mstaafu anayeshika daftari, na mimi seremala. Kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri tunapangwa wawili wawili. Aliyefungwa anasogea pembeni, aliyefunga anaendelea, mpaka wanabaki wawili wa mwisho. Mwalimu anaandika matokeo kwa kalamu nyekundu, na msimu ukiisha anayeongoza anapewa jogoo na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa. Zawadi si kubwa, lakini nimeona watu wazima wakikosa usingizi kwa ajili ya jogoo huyo.

Sijui kama asiyecheza bao anaweza kuelewa tunachopata pale. Kijana mmoja wa bodaboda alipokuja mara ya kwanza alikuwa hawezi hata kutofautisha kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kimbi, shimo la jirani yake. Tukamfundisha wote, hata tuliokuwa tunajua tutakuja kuumia. Leo amenifunga mkononi mara mbili. Kufungwa mkononi maana yake safu yako ya mbele imekauka wakati mchezo bado uko kwenye namua, yaani kipindi cha kushusha kete za mkononi, una kete hujazishusha. Kila mchezaji anaanza na kete 10 mezani na 22 mkononi, sasa fikiria unafungwa na hizo za mkononi bado zinakujaa kiganjani. Wiki nzima nilikuwa nikipita sokoni naitwa "Mkononi! Mkononi!" na yule kijana akinipakia kwenye pikipiki yake hataki nauli, anasema mtu aliyefungwa mkononi anasafirishwa bure kama mgonjwa. Alipofiwa na mama yake tulikuwa wa kwanza kufika, na daftari la Mwalimu ndilo lililotumika kuandikia michango. Sina ndugu wa tumbo moja hapa Mtwara. Ndugu zangu ni hawa wa Jumamosi.

Makubaliano yetu na mwenye kibanda yalikuwa wazi. Kila mmoja anatoa 1,000 ya kiti, kahawa unalipia mbali. Kwa hiyo yeye ana 12,000 kabla hajachochea mkaa. Na hatukunywa kidogo, kwa sababu sheria yetu ni kwamba aliyefungwa anamlipia kahawa aliyemfunga, na mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pale pembeni alikuwa anamaliza sinia lake kwa ajili yetu. Nasema haya kwa sababu ya maneno niliyokuja kuambiwa baadaye.

Bao lenyewe ni la Mzee wetu wa Msangamkuu, anayevuka na kivuko kila Jumamosi. Baba yake ndiye aliyelichonga, kwa mti wa mninga. Mimi nafanya kazi ya mbao na nakwambia lile bao nimelipapasa mara nyingi kutafuta kosa sijaliona. Mashimo 32 yote kina kimoja, na nyumba mbili, yaani shimo kuu la kila mchezaji, zimechongwa pembe nne kwa patasi, kingo zake hata leo ukipitisha kidole unazisikia. Kete ni komwe, zile za mkomwe wa ufukweni, rangi ya majivu, zimeshikwa na mikono mingi mpaka zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Ziko 64. Zilikuwa 64.

Kwa kuwa Mzee ana umri na bao ni zito, tuliomba libaki pale kibandani juma hadi juma. Mwenye kibanda akakubali. Alilifunika gunia, akaliweka juu ya kabati. Hilo alilifanya vizuri, siwezi kumsingizia.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa korosho umeshachanganya, watu wameanza kushika pesa za mnada. Ilikuwa pia siku ya Simba na Yanga. Tulijua. Ndiyo maana Jumamosi iliyotangulia tulimwuliza mwenye kibanda kama tuhamie kwingine, kwa sababu siku hizo anageuza pale kuwa kibanda umiza, anatoa televisheni nje na kukodi mabenchi. Akatujibu kwa mdomo wake, "Mpaka saa kumi na moja mko huru wazee wangu." Tukaanza mapema, wengine hata chakula cha mchana hawakula.

Wa mwisho tukabaki mimi na Mzee. Kwenye daftari tulikuwa sawa kwa sawa, yaani huo mchezo mmoja ndio uliokuwa unaamua nani anaongoza. Namua ilikwisha, tukaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizomo baoni tu. Watu wametuzunguka, hakuna anayesema kitu, hata vijana wa bodaboda wamezima simu. Ilikuwa saa kumi na robo. Naijua saa kwa sababu Mwalimu alikuwa ameitazama ili Mzee asikose kivuko.

Zamu yangu ikafika. Nikachota kete saba kwenye shimo la sita kutoka kushoto, safu ya nyuma. Kwenye bao hugusi kabla hujahesabu, na mimi nilikuwa nimehesabu muda mrefu mpaka Mzee akaniambia, "Mwanangu, komwe haioti hapo." Tano zinashuka safu ya nyuma, ya sita inaingia kichwani, ya saba inaangukia kimbi changu cha kushoto chenye kete mbili. Mbele ya kimbi hicho Mzee ana nane. Nikizila nane, zinaanzia kichwani, zinapita safu yangu yote ya mbele, na ya mwisho inaanguka kichwa cha kulia. Huko nako alikuwa na kete, na mimi ninazo, kwa hiyo nazila tena. Yeye mbele alibakiwa na mashimo matatu tu yenye kitu. Baada ya hapo sikuwa nimehesabu. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Nikagawa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mbili ziko kiganjani.

Ikatokea mikono ya kijana wa kazi wa mwenye kibanda katikati yetu. Hakusema samahani, hakusema shikamoo, hata kwa Mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi. Akashika bao ubavuni akalinyanyua, komwe zikamwagika mchangani zote, huku anasema, "Wazee, bao hamna leo, inukeni mabenchi yapite."

Bao hamna! Mchezaji yeyote anajua neno hilo linasemwa lini. Linasemwa na aliyeshinda, pale safu ya mbele ya mwenzake inapokwisha kabisa. Tunalisema kwa heshima, tena kwa sauti ya chini ukiwa unacheza na mkubwa wako. Nimelisubiri neno hilo alasiri nzima nilitamke mimi au nitamkiwe na Mzee, na nikalisikia kutoka kwa mtu aliyesimama na benchi begani.

Nilipandwa na hasira kiasi kwamba fundi cherehani alinishika shati. Tukamwita mwenye kibanda. Akaja anahesabu noti, akatuambia, "Wazee wangu, nyie kikombe kimoja mnakikalia saa tatu. Wa mpira ndio wananiletea hela." Mwalimu akamkumbusha 12,000 za kila Jumamosi. Akasema hizo ni za viti. Kana kwamba tulikuwa tunaomba kitu kingine zaidi ya viti! Na mmoja wa waliokuja kwenye mpira akacheka, akasema wacheza bao ni wavivu wasio na kazi. Mimi nilikuwa nimelala saa nane usiku nikimaliza milango minne ya mteja ili Jumamosi yangu iwe huru. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa anacheza bao, rais wa nchi, na sijapata kusikia mtu akimwita mvivu.

Kilichoniuma zaidi ni Mzee. Hakugombana na mtu. Alipiga magoti mchangani, kati ya miguu ya watu wanaoingia, anaokota komwe moja moja na kuzifuta kwa ncha ya msuli. Tukainama wote. Tulipohesabu zikawa 61. Nikafungua kiganja changu, zile mbili, zikawa 63. Tulipekua mchanga mpaka filimbi ya mpira ikapigwa. Mwenye kibanda alipita pale mara nne au tano na hakuinama hata mara moja.

Tulipofika nje Mzee akaniambia, "Umenifunga mwanangu. Niliona." Akamwambia Mwalimu aandike. Nikakataa. Kweli ningekula nane, kweli ningekula tena kule kulia, lakini shimo lake la tatu lilikuwa bado hai, na Mzee huyo nimeshamwona akifufuka na kete mbili tu. Ushindi wa kupewa na aliyepiga magoti siutaki. Yeye akasisitiza, mimi nikasisitiza, mpaka tukawa tunafokeana barabarani, kila mtu anataka mwenzake ndiye awe ameshinda. Mwalimu hakuandika chochote. Mstari wa siku hiyo uko wazi mpaka leo.

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kuandika, nisije nikamwonea mtu. Ukweli ni kwamba masika iliyopita mwenye kibanda alitufungia turubai kwa mkono wake tusilowe. Ukweli ni kwamba juma tulilokuwa na msiba alikataa pesa ya viti, na umeme ulipokatika alituwekea taa yake ya nyumbani akabaki anahudumia gizani. Nilikuwa niandike "msiende kabisa", nikaona si haki. Nikasema nimpe nyota mbili, au tatu kwa ajili ya kahawa. Halafu namkumbuka Mzee mchangani na jamaa anamruka kama anaruka dimbwi, nazirudisha zote. Angetuambia dakika tano tu! Tungemaliza, tungenyanyua bao wenyewe, tungebeba na mabenchi yake.

Juzi yule kijana wa kazi alikuja karakana kwangu. Safari hii alianza na shikamoo. Alikuwa na 2,000 zimekunjwa, ametumwa, ya kiti changu na ya Mzee. Sikupokea. Nikamwuliza, "Ile komwe mmeiona?" Akaniuliza, "Komwe ndiyo nini?"

Hasira ilinipanda tena, kisha ikanishuka. Amezaliwa hapa hapa pwani, na hakuna aliyewahi kumkalisha mbele ya bao. Nikachukua penseli ya kazi nikamchorea juu ya kipande cha ubao, ukubwa wake halisi, nikamweleza rangi. Akakitia kile kipande mfukoni, akasema akifagia ataangalia chini ya kabati na kwenye mfereji. Kwa kijana, basi, nimesamehe. Mwenye kibanda hajaja mwenyewe, na mpaka aje nyota ni moja, ya kahawa.

Sisi tumehamia chini ya mti wa mkungu, nyuma ya nyumba ya Mwalimu. Hakuna kahawa ya maana, mke wake anatuchemshia chai ya rangi. Mama wa ming'oko ametufuata na sinia lake. Kete ya sitini na nne kwa sasa ni goroli ya mjukuu wa Mwalimu, na kila inapoanguka shimoni inalia tofauti na zile nyingine, Mzee anainua macho.